Umri wa Mfupa

Aliniuliza alizaliwa lini, na mimi sikumjibu.

Nilikuwa Kenmore, pembeni mwa Buffalo, kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee, katika chumba cha kufulia. Shuka zilikuwa zimetoka kwenye mashine ya kukausha, bado za moto, ninazikunja. Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Kazini simu haziruhusiwi, lakini niliona ni yeye, mtoto wa marehemu dada yangu, na saa ile alitakiwa awe uwanjani na timu yake, anapiga mpira. Nikajua hii si ya salamu. Nikajificha nyuma ya rafu ya taulo, nikapokea.

Alisema Kiswahili. Hiyo peke yake ilinitisha, kwa sababu tangu aanze shule Louisville mimi ninamsemesha Kiswahili na yeye ananijibu Kiingereza. Sasa alikuwa anaongea polepole, kama mtu aliyekaa na wengine wanaomtazama mdomo bila kuelewa.

"Mama," akasema, "miye nilizaliwa lini?"

Nikamwambia, si iko kwenye karatasi yako.

"Ya karatasi wanaijua. Wananiuliza ya kweli. Wanasema ni watu wetu wenyewe wameandika."

 Mashine ilikuwa inazunguka nyuma yangu na najua aliisikia. Miaka kumi na minane nilikuwa ninangoja swali lile. Nilifikiri litatoka kwa mtu wa serikali mwenye tai, mimi nimekaa upande wa pili wa meza na jibu langu nimeliandaa. Sikufikiri litatoka kwa mtoto mwenyewe. Alingoja. Nikasikia mtu mwingine ndani ya kile chumba chao akikohoa. Kisha mtoto akasema, kwa Kiingereza sasa, kwamba hakuna shida, na akakata.

Siku nne baadaye timu ikamwacha.

Timu hiyo siitaji, wala mji wake. Haiko kwenye miji yangu mitatu, na tena, nikisema kweli, sina neno nayo. Waliuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. Wenye kosa ni wetu. Majina yao sitayaandika, lakini wakisoma watajijua, na watu wetu wa Louisville, Columbus na Buffalo watakuwa wamewajua kabla hawajafika nusu.

Nianze na gari.

Tulipofika Louisville tulipewa kazi kwenye ghala, mbali nje ya mji, mahali basi halifiki. Sisi watano, wote kutoka kambi moja upande wa Tanzania, na mwenye leseni alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo kila siku tulikaa ndani ya gari lake, dakika arobaini kwenda na dakika arobaini kurudi, mimi katikati kwenye kiti cha nyuma maana nilikuwa mwanamke pekee na mwembamba. Mwenye gari nilimjua tangu kambini. Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na milango mitatu. Nampa haki yake: baridi mbili alitubeba, na hakuna siku alimwacha mtu barabarani. Hiyo ndiyo inayonichosha zaidi. Mtu mbaya kabisa ningemsahau.

Redio ya gari lake ilikaa kwenye stesheni moja tu, ya wanaume wanaobishana juu ya mpira. Si mpira wetu. Ni ule wa Wamarekani, wenye umbo la yai, mtu anaukumbatia kifuani anakimbia nao na wenzake wanamwangusha. Sheria zake hatukuzielewa, na mimi mpaka leo sielewi kwa nini wanasimama kila dakika kama watu waliosahau kitu nyumbani. Lakini jambo moja tulilielewa siku ya kwanza. Kila mwaka, baridi ikiisha, timu zote zinakaa kuchagua vijana wa vyuo vikuu, jina moja moja, hadharani. Kabla ya hapo vijana wamepimwa urefu, uzito, upana wa kiganja, mbio. Asiyetajwa anakaa karibu na simu, maana baadaye timu inaweza kumwita kwa mkataba mdogo aje ajaribiwe. Na wale wanaume wa redio, wiki nzima, mwezi mzima, wanasema nani amechagua vizuri na nani ameokota takataka, wakati hakuna hata kijana mmoja aliyekwisha kucheza.

Watu waliokaa miaka kumi wakingoja jina lao la safari libandikwe kwenye ubao wa kambi hawahitaji kufundishwa kitu kile. Tulikipenda. Mwenye gari ndiye aliyekuwa anatutafsiria, na baada ya kutafsiri alitoa hukumu yake mwenyewe, na sisi tukaongeza zetu. Wenzangu walikuwa wanaangalia picha za vijana hao kwenye simu zao wakati wa mapumziko, chakula mkononi. Mapaja. Vifundo vya miguu. Mwenye gari alikuwa anamtafuta mama wa kijana kwenye picha ya familia, akisema mama akiwa na mabega mapana mtoto bado ataongezeka, mama akiwa mwembamba basi huyo amefika mwisho.

Na umri. Hapa lazima nieleze, kwa sababu kesi yote iko hapa.

Kwetu mchezaji ana umri wa aina mbili. Kuna wa karatasi, wa kumwonyesha mwamuzi, na kuna wa mfupa. Kwenye ligi yoyote ya vijana, nyumbani au kambini, uwanja mzima unajua kwamba winga wa miaka kumi na saba ana mke. Hakuna anayekasirika. Tena mtu akisema "ule ni muzee," amekusifu. Maana yake umekomaa, mfupa umekauka, hutavunjika, umeona mambo, hutatetemeka. Shabiki asiyejua kusoma umri wa mfupa hahesabiwi shabiki. Ndani ya gari lile tuliwasoma wote, weusi kwa weupe. Redio ikisema kijana ana miaka ishirini na moja, mwenye gari anacheka, anasema huyo ishirini na moja ni ya mguu wa kushoto peke yake. Na mimi nilikuwa bingwa. Nilikuwa ninaangalia shingo, mikunjo ya nyuma, na mara nyingi walinikubali.

Bon, basi, ghala lilipunguza watu, tukatawanyika. Mwenye gari alikwenda Columbus, upande wa Hilliard, akaanza kuendesha lori. Mimi dada mmoja wa kanisa aliniita Buffalo, akisema kodi ni nafuu na kazi za kutunza wazee ziko nyingi. Theluji hakunitajia. Kati ya waliobaki Louisville alikuwamo yule tuliyemwita katibu, kwa sababu alimaliza sekondari kwetu na Kiingereza alikishika mapema. Barua ya shule, fomu ya hospitali, karatasi ya mwenye nyumba, wote tulimpelekea yeye. Na zangu alisoma. Alipenda kusomea watu. Tuliendelea kuzungumza kwenye kundi la simu, na kila uteuzi ulipofika tulikuwa kama tumerudi ndani ya gari: mwenye gari anatuma sauti yake dakika tano, dakika sita, anachambua vijana wapya wa timu ya huku kwangu, na sisi tunajibu.

Buffalo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wao hawakulijua. Kwenye nyumba ya wazee kulikuwa na mzee mmoja, hatoki kitandani, ambaye kila nikibadilisha shuka alitaka kunieleza timu imenunua nini. Siku moja nikamwambia, nikimpendelea kijana mmoja, kwamba huyu anaonekana mtu mzima, ana miaka ishirini na tano. Mzee akakunja uso kama nimempa dawa chungu. Ishirini na tano ameshazeeka, akasema. Wanataka mbichi. Mbichi utamtumia miaka kumi, huyo wako wanakuuzia kitu kilichotumika nusu. Niliduwaa. Nikamwinua, nikamgeuza upande, nikavuta shuka. Nilitaka kuwaambia kwenye kundi, kwamba jamani, huku hesabu yao iko kinyume na yetu. Sikuwaambia. Nilichoka siku ile, na siku iliyofuata nilichoka vilevile, kisha nikasahau.

Sasa mtoto.

Louisville shuleni alikuwa anacheza mpira wetu, wa miguu. Kocha wa ule mpira mwingine alimwona akipiga kona, akamletea mfuko mzima wa mipira ya yai, akamwonyesha milingoti miwili mirefu, akamwambia aupitishe katikati. Akaupitisha. Akarudishwa nyuma, akaupitisha tena. Kumbe timu zao kubwa zinaweka mtu mmoja wa kazi hiyo tu, kupiga teke, hagombani na yeyote, anaingia mara chache, anapiga, anatoka. Mtoto mwembamba wa kwetu anaifanya bila kuvunjwa mbavu. Chuo kimoja cha Ohio kikamchukua kwa mguu ule, kikamsomesha miaka minne. Mimi sikumaliza hata darasa la tano. Mtoto wa dada yangu alivaa joho.

Ulikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tano hivi. Siku za uteuzi jina lake halikutajwa. Wapiga teke hawatajwi mara nyingi, alinieleza, nisilie. Siku ya mwisho, timu zikiwa zimemaliza, simu yake ikaita. Njoo, wakamwambia, tunaye mwingine, mtashindana kwenye mazoezi, atabaki mmoja.

Akanipigia mimi kwanza. Sikuelewa kama nifurahi. "Nafasi ngapi?" nikamwuliza. Akasema moja. Watu wangapi? Wawili. Basi, nikasema, ni bora kuliko yote tuliyowahi kupewa.

Nikaweka picha yake kwenye kundi, amevaa kofia ya timu, na sikuandika kitu. Nilitaka wamsifu. Nilitaka wampime kama tulivyowapima wengine, mapaja, vifundo, wamwone ni wetu na amefika kwenye redio. Miaka yote ile tulikuwa tunahukumu watoto wa watu.

Mwenye gari akatuma sauti yake jioni ile ile, dakika saba, haijawahi kuwa ndefu hivyo. Niliisikiliza jikoni ninamenya viazi. Alianza vizuri. Akasifu mguu, akasifu utulivu, akasema yule mwenzake aliyewekwa kushindana naye amemtazama kwenye video na ana magoti ya mwanamke mjamzito. Nikacheka peke yangu. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayetoa zawadi mfukoni.

"Lakini musidanganywe na karatasi," akasema. "Ule si mutoto wa makumi mbili na mbili. Miye nilimuona siku walifika kambini, meno ya mbele yote mbili ilikuwa imetoka, ya mutoto. Hesabuni nyiye wenyewe. Ule ni mwanaume wa makumi mbili na tano, anagonga sita. Mfupa imekauka, ndugu zangu. Ndiyo maana hatetemeke."

Kiazi kilibaki mkononi.

Alichosema ni kweli, na hapa najitaja mwenyewe, asije mtu kusema nimejificha. Tulipofika kule kambini mtoto alikuwa wa miaka sita, au saba, dada yangu ndiye angejua na dada yangu alibaki njiani. Mimi nilikuwa msichana. Kwenye mstari wa kuandikishwa, mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliniambia kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wana uji wao wa pekee, wenye mafuta na sukari, kila siku, na wa juu ya hapo wanakula mahindi kama sisi. Mtoto alikuwa mdogo wa mwili, njaa ilimfanya mdogo. Nikamwambia afunge mdomo na asiufungue mpaka tutoke pale. Karani akauliza miaka, nikasema minne. Akaandika tarehe moja mwezi wa kwanza, kama alivyotuandikia wote. Mtoto akanywa uji. Alikunywa karibu mwaka mzima, nilimwona akipata mashavu.

Basi mkosaji wa kwanza ni mimi. Lakini mimi nilisema vile ili mtoto aishi. Yeye alisema ili kundi limsikie.

Nilimpigia Columbus pale pale. Alikuwa anajaza mafuta kwenye lori, nilisikia upepo. Nikamwambia atume sauti nyingine, aseme alitania. Akashangaa kabisa. Hakuwa anaigiza, ninamjua.

"Mama, weye unaona nimemutukana? Nimemupandisha."

Nikamwambia huku hawamtaki aliyekomaa, wanamtaka mbichi, na kila mwaka unaouongeza juu yake unampunguzia bei.

"Nani alikuambia?"

Nikasema mzee mmoja kazini.

"Ule unabadilishaka mashuka?" Akacheka. "Donc, basi, leo ule ndiye kocha."

Nikamwomba. Sikumfokea, nilimwomba, kwa jina la milango ile mitatu. Akasema nisiwe na wasiwasi, kundi ni la sisi wenyewe, nani ataelewa Kiswahili chetu. Kisha akasema, kama mtu anayeniletea habari njema, kwamba hata katibu amefurahi sana na ameshaipeleka mbele.

Nikafungua kundi. Katibu alikuwa ameweka picha ya maandishi. Kumbe kuna ukurasa ambapo mashabiki wa timu ile wanakaa kuchambua vijana wapya, kama sisi, ila wao ni maelfu. Walikuwa wanasema mpigaji mpya ametoka chuo kidogo, ni mtoto, presha itamla. Katibu akaona uchungu kwa niaba yetu. Akawajibu kwa Kiingereza chake kizuri. Kusoma kwangu Kiingereza ni kwa kuparura, lakini tarakimu ni tarakimu: niliona 22, na mbele yake nikaona 26. Muuguzi mmoja kazini, siku ya pili, alinisomea yote. Katibu aliwaambia wasiogope, sisi ni watu wake, tunamjua tangu kambini, si mtoto, ni mwanaume kamili, karatasi za wakimbizi ndivyo zilivyo. Chini yake, kwenye kundi letu, mwenzetu mmoja wa Louisville aliweka mikono ya kupiga makofi. Kumi na moja walipiga makofi. Niliwahesabu, nikawatazama majina.

Wale mashabiki hawakupiga makofi. Kwanza walicheka. Mmoja akauliza ana watoto wangapi. Kisha wakaanza kukasirika, wakasema alidanganya chuo, alicheza na watoto wadogo kuliko yeye, mwingine akauliza kama amedanganya umri amedanganya nini kingine kuingia nchi hii. Muuguzi akaacha kusoma hapo. Akaniuliza ni nani yangu. Nikasema ni mwanangu.

Nilimpigia katibu afute. Alifuta, siku mbili baadaye, baada ya kuniuliza mara tatu kosa liko wapi. Lakini kitu kilichosemwa mbele ya watu wengi hakifutiki kwa kidole. Wengine walikuwa wamekichukua, kikazunguka, kikafika kwa wanaume wa redio wa mji ule. Na wiki ile ofisi ikamwita mtoto, ikamkalisha, ikamwuliza.

Mnajua aliyoyafanya. Alimpigia mama yake, na mama yake akajificha nyuma ya taulo na kunyamaza.

Walipomwacha walimwambia neno moja: mwenzako amepiga vizuri kuliko wewe. Huenda ni kweli. Wiki ile alikosa mara tatu, mtu ambaye chuoni alikosa mara chache mpaka nikazijua kila moja. Nilipokwenda kumwona Louisville alinieleza jambo moja tu, na hakulirudia. Mpigaji kabla ya kupiga anarudi nyuma kwa hatua, anazihesabu, tatu nyuma, mbili pembeni, kila mara zile zile, ndipo mguu unajua kazi yake. Akasema baada ya siku ile ya ofisini alikuwa akirudi nyuma anahesabu miaka.

Nikamweleza habari ya uji. Nilimweleza yote, tumekaa kwenye ngazi za nje ya nyumba aliyopanga, mchana, majirani wanapita. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema kwa Kiingereza kwamba ningemwambia mapema angejua cha kuwajibu. Angesema: mama yangu alifanya hivi kwa sababu hii. Wangemwacha au wasingemwacha, lakini angekuwa amekaa pale kama mtu mwenye hadithi yake, si kama mwizi aliyekamatwa na kitu asichokijua. Nilikubali. Sina la kuongeza pale, ana haki.

Timu nyingine mbili zilimpigia mwaka uliofuata zimjaribu. Hakwenda. Akasema wakimwita wataanza na swali lile lile. Sasa anapakia maboksi kwenye ghala, si mbali na lile letu. Ana gari lake. Nikipiga simu anapokea, anauliza hali yangu, ananiambia anachelewa.

Mimi nimekwisha kuhukumiwa, na nimekubali. Wale wawili nani amewahukumu?

Nilijaribu. Kulikuwa na arusi Louisville, ya binti wa mmoja wa wale watano wa gari, na wote tulialikwa. Nilipanda basi kutoka Buffalo, nikapita Columbus, nikafika miguu imevimba. Nikangoja watu wamalize kula kwanza. Kisha nikaenda kwenye meza ya wazee, ambapo mwenye gari na katibu walikuwa wamekaa pamoja, nikasema nina neno na ninataka lisikiwe na mashahidi. Nikauliza mwenye gari alipata nini kwa yale meno mawili. Akatazama sahani yake. Akasema, "Mama, ni mambo ya mupira. Mupira iko na maneno." Wazee wakatikisa vichwa, wakaniambia nisiharibu siku ya bibi arusi. Katibu yeye alinijibu kama amesoma sheria: kwamba yeye aliandika ukweli, na mwenye kosa ni aliyesema uongo mbele ya karani. Akasema hivyo mbele ya watu, mimi nimesimama, wao wamekaa.

Hakuna aliyenivutia kiti. Wale kumi na moja wa makofi nao walikuwamo ukumbini, wengine walicheza. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari la mtu mpaka muziki ulipokwisha.

Mwaka huu baridi imeisha tena na uteuzi umepita. Nilidhani mwenye gari ataona haya. Kundi likaita, sauti yake, dakika sita, anachambua vijana wapya wa timu ya Buffalo. Niliisikiliza mpaka mwisho, si kwa kupenda. Akataja urefu. Akataja uzito, mapaja, mama wa kijana mmoja mwenye mabega mapana. Akamaliza, akasalimia familia zote. Umri hakuugusa. Kijana hata mmoja hakumsoma mfupa, yeye ambaye asingeweza kupita ng'ombe barabarani bila kumkadiria miaka.

Donc anajua. Mtu asiyejua kosa lake angeendelea kama zamani. Huyu amejua, ameliruka kimyakimya kama mtu anayeruka dimbwi, na hajamwambia yeyote kwamba dimbwi liko pale.

Kwa hiyo ninakuandikia wewe, mwenye gari. Kutoka Hilliard mpaka Louisville ni mwendo wa saa tatu na nusu, na wewe unaendesha lori kila wiki kupita njia ile. Mtoto anatoka kazini saa tisa mchana, anwani unayo. Simama mlangoni kwake. Usimletee soda, usimlete mchungaji, usianze na habari za zamani na jinsi ulivyotubeba. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulijua meno yale, kwamba hakuna aliyekuuliza, na kwamba nilipokuomba ulicheka. Na wewe katibu, uliyeandika kwa Kiingereza kizuri mbele ya maelfu, andika tena, pale pale, na jina lako chini, ueleze ni nani alidanganya na kwa nini, useme kwamba mtoto alikuwa mtoto na hakujua lolote. Jina langu liweke pia, nakuruhusu. Mimi msinijibu. Mjibuni yeye, na mfanye hivyo wakati mguu wake bado unaweza kupiga.